Kilwa Kisiwani na familia: angalia mwezi kabla ya kukata tiketi

SWALI: Tunaishi Morogoro. Shule zikifungwa Desemba, mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto wetu wawili, wa miaka 8 na 12, Kilwa Kisiwani. Tutakuwa na mama mkwe, ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Shemeji yangu anasema tunapoteza hela, kwamba kule ni magofu tu na kijiji cha wavuvi, nusu saa umemaliza, bora twende Zanzibar. Je, ni kweli? Tufikeje, tukae siku ngapi, na tukifika tufanye nini ili tusije tukatazama kuta tu na kurudi?

JIBU: Dada yangu, shemeji yako hajasema uongo. Nusu saa inatosha kabisa kuimaliza Kilwa Kisiwani, na nimeona wengi wakiimaliza hivyo. Boti inawashusha saa sita, jua liko utosini, wanapiga picha mbele ya Gereza, ile ngome ya kale, wanaingia Msikiti Mkuu, wanatoka, wanauliza soda inauzwa wapi. Saa saba wako Kilwa Masoko, mji wa bara mnakopandia chombo, wanatafuta chakula. Watu hao huwa wamekwenda kwa saa ya mkononi, na kijiji kile kinakwenda kwa saa ya maji. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia basi na malazi, nianze na mwezi.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Hilo labda unalijua. Ambalo mtu wa bara halijui ni kwamba siku hazilingani. Mwezi unapoandama, na tena unapofika kumi na tano, huja bamvua: maji hujaa mpaka yakaumeza mchanga wote, kisha hupwa mpaka miamba ikabaki wazi. Kati ya kujaa na kupwa bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana, chombo hupita karibu wakati wowote, lakini pwani haikuonyeshi kitu. Na bamvua ya pwani yetu ina saa zake. Maji hujaa alfajiri, saa kumi au kumi na moja, hukauka kati ya saa nne na saa tano na ushei asubuhi, kisha hujaa tena jioni.

Basi chukua kalenda ya Kiislamu, tafuta siku ya kwanza hadi ya tatu tangu mwezi kuandama, au ya kumi na tano hadi ya kumi na saba, uone ni tarehe ngapi za Desemba. Siku hizo ndizo za kwenda. Mtavuka kutoka Masoko saa moja asubuhi maji yakiwa bado mengi, ili mama ashuke bila kukanyaga tope. Mtazunguka maji yakitoka. Mtapumzika na kula wakati yamekauka, na mtarudi saa tisa alasiri yakiwa yanarejea. Siku nzima imejipanga yenyewe.

Na hapo kati, saa nne hivi, ndipo watoto wako wataona kitu ambacho sijaona mgeni wa mchana akikikuta. Wanawake wa kijiji hushuka miambani kutafuta pweza. Omba ruhusa, kisha mwache mmoja wao awaongoze watoto, wakiwa wamevaa viatu vya kufunga kwa sababu ya miba ya baharini. Mwambie awaonyeshe mlango wa pweza. Kwa macho yako ni tundu kama matundu mengine elfu ya mwamba ule, lakini mbele yake pametupwa makombe matupu na magamba ya kaa, mabaki ya chakula chake, na baadhi ya vijiwe amevivuta mwenyewe kujifungia. Mama yule ataingiza ufito wa chuma taratibu, atausikilizia mkononi, atatulia. Pweza atakuja kuushika kwa mikono yake mwenyewe. Anavutwa, anageuka rangi mara mbili tatu kabla hujamaliza kushangaa, kisha anapigwapigwa juu ya jiwe mpaka atoe povu na nyama ilainike. Kijana wako wa miaka 12 hatasahau, na yule wa miaka 8 atalia kidogo kwa huruma, ambayo si vibaya. Mkimnunua pweza huyo palepale, mlipe bei anayotaja. Kazi ile inataka mgongo ulioinama saa tatu.

Sasa magofu. Shemeji yako anayatenga na kijiji cha wavuvi kana kwamba ni vitu viwili. Ni kitu kimoja. Ukifika Msikiti Mkuu, kabla ya kuinua macho kutazama makuba, mwambie mtoto asogeze uso karibu na ukuta mahali ambapo lipu imebanduka. Ataona jiwe lina vinyota vidogo vimepangana kama sega la nyuki. Hayo ni matumbawe. Mengine yalichimbwa nchi kavu, na yale laini ya kuchongea mihrabu na vizingiti yalitolewa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka, kwa sababu yakikauka huwa magumu. Chokaa iliyoyashika ni matumbawe pia, yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo. Boriti zilitoka kwenye mikoko. Kwa hiyo mji ule wote, pamoja na jumba la sultani, umetolewa mle mle wanamotoa pweza. Watoto wakishaona mwamba hai asubuhi, kisha wakauona ukutani, hutahitaji kuwaeleza tena.

Nieleze kidogo historia, maana mama mkwe atauliza, na waongoza wageni wengine huikimbiza. Uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakiishi kisiwani tangu karne ya 9 hivi, katika nyumba za miti na udongo, wakivua, na mifupa ya samaki wao imo ardhini mpaka leo. Jiwe lilikuja baadaye, juu ya kijiji kilichokuwapo tayari. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu bado kuna wanaowaambia wageni kwamba Kilwa ilishushwa na merikebu kutoka ng'ambo ikiwa imekamilika. Wageni walikuja, wakaoa, wakatawala, na habari zao zimo katika tarikh ya Kilwa, yaani historia yake ya kale iliyoandikwa: Ali bin al-Hasan wa Shirazi, Uajemi, alimkuta mwenyeji anayeitwa Mrimba, akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Wakati ule, inasema hadithi, maji yakipwa ungeweza kutembea kwa miguu kutoka bara. Mrimba alipojuta akataka kurudi kukitwaa, alikuta mkondo umekwisha kuchimbwa, na bahari haikaukii tena pale. Mtakapovuka mkondo huo wapigieni watoto hadithi hii mkiwa chomboni. Hata hadithi ya kuzaliwa kwa mji imesimama juu ya maji kupwa na kujaa.

Utajiri ulitokana na dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe ikapitia Sofala, katika Msumbiji ya leo, ambayo Kilwa iliishika. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika, akauhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, akamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman akisifika kwa ukarimu kiasi cha kupewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na upanuzi wa Msikiti Mkuu, ule upande wa kusini wenye makuba, na Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya genge likitazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Mwaka 1505 jeshi la Kireno la Francisco de Almeida likaupora mji. Jumba la Makutani mtakaloliona na ukuta wake mkubwa ni la zama za baadaye, karne ya 18, Kilwa ilipoinuka tena. Na hapo lazima tuseme kweli mbele ya watoto: kuinuka huko kulilipiwa na biashara ya watumwa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka. Mtoto wa miaka 12 anaweza kulisikia hilo.

Kuhusu magoti ya mama: Gereza liko karibu na mnaposhukia, na msikiti na makaburi si mbali. Nendeni polepole, njia ni ya mchanga na mawe, mnazi wa kivuli haukosekani. Makutani anaweza kufika akipumzika njiani. Husuni Kubwa ni mbali zaidi, upande wa mashariki, kiasi cha kilomita moja na zaidi. Hapo ninyi mwende na watoto wakati maji yametoka, mpite pwani, na mama abaki kijijini. Wala msidhani mmemnyima kitu. Mama wa miaka 67 akikaa barazani na wenziwe wanaosuka ukili, wakishajuana wajukuu wangapi na magoti yanauma upande gani, atarudi na habari za kijiji ambazo mimi kwa miaka yangu yote ya kuongoza watu pale sijazipata.

Mkae kijijini kama mnavyokaa ugenini kwa watu. Wewe na mama chukueni khanga, mabega na magoti yafunikwe, na baba asitembee kifua wazi akitoka ufukweni. Wakubwa wapeni shikamoo hata kama mmepishana tu njiani. Msikiti Mkuu hauna sala za jamaa sasa, lakini ni msikiti: watoto wasipande mihrabu kupiga picha. Makaburini mkikuta chetezo, kitambaa au chupa ya marashi, si takataka, kuna mtu aliviweka kwa nia yake. Picha za watu, omba kwanza, na ukikataliwa usipige kwa kuibia ukiwa mbali. Na Ijumaa msiifanye siku yenu ya kuvuka. Wavuvi wengi hawaendi baharini mpaka baada ya sala, na mwongozaji wenu naye atataka kuwahi msikitini.

Kuna jambo moja ninaloliombea sana. Mtoto wa kijiji anaweza kuwafuata na kiganja kimefumbwa, akafumbua: sarafu ndogo ya shaba imekula kutu ya kijani, au shanga, au kigae cha chungu cha rangi. Msinunue. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, moja imepatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, zimefikaje huko mpaka leo watu wanajadiliana. Sarafu hukusimulia kitu ikiwa tu tunajua imetoka shimo gani, tabaka gani, pamoja na nini. Ikishaingia mfukoni mwa mgeni imekuwa bubu. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza. Mtoto yule mnunulie daftari au muulize anasoma darasa la ngapi, lakini kiganja kile msikilipe, maana mkikilipa leo, kesho kinachimba ukutani.

Safari yenyewe. Kutoka Morogoro mtapita Dar es Salaam, na mabasi ya kusini mtayapata Mbagala. Lala Dar usiku mmoja, ondokeni alfajiri. Ni zaidi ya kilomita 300: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Rufiji (waamsheni watoto hapo, mto ule ni mkubwa), halafu Somanga, na Nangurukuru ambapo barabara ya Kilwa Masoko inachepuka kushoto. Basi lisilofika Masoko litawashusha Nangurukuru, na magari madogo yapo. Desemba mvua zinaanza upande ule, kwa hiyo ulizeni hali ya barabara kabla ya kuondoka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga na watu wakakwama siku kadhaa. Mwezi wa Juni hadi Oktoba ndio mkavu na wa baridi nzuri, ila ni majira ya kusi, upepo wa kusini, na nje ya bandari bahari huwa na ghadhabu. Desemba kaskazi, upepo wa kaskazini, imeanza, joto ni kali, maji ni tulivu zaidi. Kwa familia yenye mzee na watoto sioni ubaya wa Desemba, mradi mvuke asubuhi na kofia.

Malazi yako Masoko, ya kila mfuko, kuanzia gesti za karibu na soko hadi hoteli za ufukweni. Ulizeni chandarua. Siku mnayofika, kabla hata ya kuoga, nendeni ofisi inayotoa vibali vya kuvuka, mlipe kiingilio na mpate mwongozaji. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa, kwa sababu raia na mgeni hawalipi sawa. Bei ya chombo ipatane siku hiyohiyo, ikiwa wazi kwamba ni kwenda na kurudi, saa ngapi anarudi kuwachukua, na jaketi za kuokolea ziwepo, ikiwemo ndogo ya mtoto wa miaka 8. Asiye nazo msipande naye hata akipunguza bei. Mkiweza kwenda na mashua ya tanga na kurudi na ya injini, fanyeni hivyo. Tanga linapandishwa, foromali, ule mti unaobeba tanga, inalia, nahodha anakaa kimya akisikiliza upepo: watoto watajua mababu walifikaje Sofala.

Na chakula kiagizeni kwa mwongozaji jana yake, kipikwe na akina mama wa kisiwani: wali wa nazi, samaki aliyevuliwa usiku ule, pweza wa nazi kama siku imejalia. Wageni wengi hubeba biskuti na kurudi kula Masoko, hivyo kijiji kinabaki na vumbi la viatu vyao. Maji ya kunywa bebeni yenu, na chupa tupu zirudi nanyi.

Mtaambiwa mwende na Songo Mnara pia, kisiwa kingine chenye magofu. Ni pazuri kwa namna yake, nyumba za mawe bado zinaonyesha vyumba na milango, na iko pamoja na Kilwa Kisiwani katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Lakini kwa mama mkwe nasema hapana. Ni mwendo mrefu wa chombo, na kushuka ni kuingia majini na kutembea kwenye tope la mikoko. Mwaka mmoja niliongoza kundi, nikachelewa kidogo tu kuondoka Masoko, maji yakatutoka tukiwa bado mkondoni. Chombo kikakaa juu ya tope, nasi tukakaa juani mpaka bahari ilipoona inafaa kurudi, saa tano nzima, na mzee mmoja katika kundi lile aliugua siku mbili. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sijampeleka mzee yeyote kule.

Badala yake siku ya tatu nendeni Kilwa Kivinje, kwa gari, kaskazini mwa Masoko. Huo ulikuwa mji wa karne ya 19, mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa, pembe za ndovu na watumwa wakishuka pale. Boma la Wajerumani lipo limechoka, majumba ya wafanyabiashara wa Kihindi yana milango ya nakshi inayoanguka kidogo kidogo, na kuna kumbukumbu pale Mwembe Kinyonga, walikonyongwa waliowapinga Wajerumani. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895. Watoto wanaosoma Maji Maji darasani wafike hapo. Kisha shukeni sokoni kwa samaki, pamejaa uhai kuliko mahali pote nilipotaja.

Kwa hiyo siku nne zinawatosha, kuanzia Dar: moja ya barabara, moja ya kisiwani, moja ya Kivinje, na moja ya kurudi. Zanzibar nzuri, na itakuwapo mwaka ujao.

Bado hujachagua bamvua ipi, maana mwezi unazo mbili. Kwenu nachagua ya mwezi mwandamo, si ya kumi na tano. Mbalamwezi ikiwapo dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wao hukaa nyumbani. Giza likiwapo hutoka. Usiku mliorudi kutoka kisiwani, baada ya kula, mchukueni mama na mkeka mkakae ufukweni Masoko. Baada ya isha mtaona taa ya kwanza mbali baharini, kisha ya pili, na kabla mtoto mdogo hajasinzia mapajani kwa bibi yake zitakuwa safu nzima.